Maswali Yenu: Taka za Mionzi, Ipi Utupe na Ipi Usiiguse

Toleo lililopita tulisema safari hii tutajibu maswali ya taka zenye mionzi, nikajua nitapata barua mbili tatu za wanafunzi wa fizikia basi, kumbe Kusini nzima mna ndoo, mfuko au chuma fulani kimekaa kwenye kona na hamjui mkifanyeje. Nimezisoma zote. Na karibu zote zina kitu kimoja, kinachoogopwa hakina mionzi, na chenye mionzi watu wamekizoea wanaegeshea pikipiki pembeni yake. Nimefupisha barua, majina nimetoa, twende.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa usafi kwenye hospitali moja hapa Mtwara mjini. Chumba cha eksirei kinakarabatiwa, wametoa nje mafaili ya filamu za zamani, yale magauni mazito ya kujikinga, glavu, na mashine yenyewe mbovu. Wenzangu wamegoma kugusa, wanasema tutakuwa tasa. Vitupwe wapi? (Dada wa Likombe)

Marahaba dada. Waambie wenzako waendelee na kazi. Mashine ya eksirei inatoa mionzi kwa umeme tu, ukizima hakuna kitu, haibaki ukutani, haibaki kwenye filamu, haibaki kwenye gauni hata kama limevaliwa miaka ishirini. Kwahiyo kwenye ule mrundikano hakuna hata kipande kimoja cha kuitwa taka ya mionzi, na mkikiandika hivyo mtaingia gharama ya bure na mtajaza stoo ambayo inatakiwa kwa vitu vya kweli.

Ila msizitupe hovyo. Filamu zina fedha, ile fedha ya madini, na dawa za kusafishia filamu ni kemikali kali, wapo wanaozikusanya. Magauni yamejaa risasi, ile metali nzito, na hapa ndio nina wasiwasi kweli maana pwani yetu mtu akiona risasi anawaza chubwi za nyavu, anawasha moto uani anayeyusha huku watoto wamezunguka, ule moshi ni sumu ya ubongo wa mtoto, haina uhusiano na mionzi lakini ni mbaya hivohivo. Mashine za zamani sana mafuta yaliyo ndani ya transfoma yake yanaweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo ni sumu, msiyamwage chini. Na kabla mashine haijaenda skrepa bandueni ile alama ya njano ya mionzi, maana ikikutwa mbele ya safari itasimamisha lori zima kwa kitu ambacho hakipo.

Kinyume chake ni ile mashine ya kutibu saratani inayotumia kobalti-60. Hiyo haina swichi ya kuzima, chanzo chake kinatoa mionzi usiku na mchana hata umeme ukikatika mwezi mzima. Ukiambiwa mashine ni ya namna hiyo rudi nyuma na usiguse hata skrubu.

Habari kaka. Mama yangu ametoka Dar juzi, alipewa dawa ya mionzi ya kunywa kwa ajili ya tezi ya shingo, ameambiwa asikae karibu na watoto kwa siku kadhaa na taka zake zitengwe. Naishi Lindi, Mtanda. Tishu, pedi na vitu alivyotumia nimeviweka kwenye mfuko nyuma ya nyumba. Nizichome moto niondokane nazo? (Binti yake)

Usichome mdogo wangu. Dawa hiyo ni iodini-131, na iodini ni mwepesi kupaa kwenye joto, ukichoma unaitoa kwenye mfuko ilikotulia unaipeleka hewani kwenu na kwa jirani.

Silaha yako hapa ni subira, basi. Kila chenye mionzi kina nusu-maisha yake, yaani muda wa mionzi kupungua nusu. Iodini-131 ni siku 8. Chukulia sinia la ming'oko ambalo kila baada ya siku 8 mnakula nusu ya kilichobaki, hamlimalizi siku moja ila linazidi kuwa dogo, siku ya 8 imebaki nusu, ya 16 robo, na ikifika siku ya 80 imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lina kundi kabisa la taka za hivi, taka za maisha mafupi sana, na njia yake ni kuziweka mahali salama zipoe zenyewe alafu zitoke kama taka za kawaida. Hazihitaji kwenda stoo kuu ya taka za mionzi Arusha wala wapi.

Sasa kuna ujanja mdogo ambao hata kwenye mahospitali watu wanakosea. Mfuko ukishafungwa uandike tarehe na usiufungue tena kuongezea. Ukitupia tishu mpya kwenye mfuko wa wiki tatu zilizopita, mfuko wote unakuwa mpya, hesabu inaanza upya. Fungua mfuko mwingine. Uweke mbali na kuku, mbuzi na watoto, usilowe mvua.

Iodini nyingi ambayo mwili haukuichukua inatoka kwa mkojo siku mbili za mwanzo, kwahiyo choo ndio kina kazi kubwa kuliko huo mfuko, maji mengi kila baada ya kutumia, na kunawa. Siku za kukaa mbali na watoto na wajawazito ni zile alizoandikiwa, zinategemea kiasi alichopewa, mimi sizipunguzi wala siongezi. Ukiona karatasi haieleweki wapigie waliomtibu.

Nikuongezee kidogo hapohapo maana kuna mtu wa maabara ameuliza kitu cha karibu: ile teknishiamu-99m wanayochomwa watu kupigwa picha za mifupa na figo nusu-maisha yake ni saa 6 tu. Ijumaa mchana ukifunga ndoo, Jumatatu asubuhi imepita nusu-maisha kumi na zaidi. Pima, toa alama ya mionzi, alafu sindano ifuate njia ya sindano. Kuisha kwa mionzi hakuondoi vijidudu.

Bosi mambo vipi. Mimi fundi wa maabara ya barabara, tupo saiti upande wa Newala. Ile gaji ya kupima mshindilio wa udongo imekufa, skrini haiwaki. Mkuu wangu anasema niandike kwenye fomu "taka ya mionzi ya kiwango cha chini" tuifungie kwenye kontena mradi ukiisha tuiache. Au tuizike kwenye zege. Nimesita. (Fundi, Newala)

Poa fundi, na umefanya vizuri kusita, hili swali ndio tamu kuliko yote leo, ngoja tulichambue taratibu.

Kwanza kilichokufa ni skrini. Vyanzo ndani viko hai na havijui kwamba skrini imekufa. Gaji nyingi za aina hiyo zina vyanzo viwili, soma bamba la chuma lililopigwa pembeni utaviona: kimoja ni seziamu-137 kwenye ncha ya ule mchi unaoshuka ardhini, mara nyingi kama bekereli bilioni 0.3, na kingine ni amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu kwa ajili ya kupima unyevu, kama bekereli bilioni 1.5. Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Kwahiyo unapouliza "hii gaji ni daraja gani" tayari swali limekosewa, ni vitu viwili vyenye maisha tofauti kabisa vimekaa kwenye boksi moja la njano.

Angalia. Seziamu nusu-maisha yake ni miaka 30. Miaka 300 ni nusu-maisha kumi, inabaki sehemu moja ya elfu. Amerisiamu ni miaka 432. Baada ya hiyohiyo miaka 300, amerisiamu iliyobaki ni zaidi ya asilimia 60. Ile 300 sijaitoa hewani, ndio muda ambao wataalamu wengi wanakubali kwamba binadamu anaweza kulinda eneo, kuweka uzio, kutunza kumbukumbu, kuzuia mtu asichimbe kisima hapo. Ndio maana taka za kiwango cha chini zinazikwa karibu na uso wa ardhi. Afrika Kusini wana eneo la hivo, Vaalputs, kule jangwani Northern Cape, linapokea taka za kinu cha nyuklia cha Koeberg tangu 1986. Kwahiyo taka ya kiwango cha chini maana yake hasa ni kitu ambacho miaka mia kadhaa ya ulinzi inatosha. Seziamu yako kwa kiasi hicho inaweza kuingia humo. Amerisiamu ina kesi.

Mpangilio wa IAEA wa mwaka 2009 una madaraja sita: taka zilizoruhusiwa kuwa za kawaida, za maisha mafupi sana, za kiwango cha chini sana, za kiwango cha chini, za kati na za juu. Ukishauelewa utaona unauliza mambo mawili tu, kiasi gani na kwa muda gani, hauulizi imetoka hospitali au mgodini wala boksi ni kubwa au dogo. Kwa vitu vya maisha marefu vinavyotoa chembe za alfa, kama hiyo amerisiamu, wanataja mfano wa kikomo cha bekereli 4,000 kwa gramu kwa pipa moja, na wastani wa 400 kwa gramu kwa eneo zima. Marekani wao wana herufi, A, B na C, na kwa vitu vya namna hiyo kikomo cha juu cha C ni kama bekereli 3,700 kwa gramu. Unaona namba ya IAEA na ya Wamarekani zimekutana karibu palepale.

Sasa turudi kwenye zege la mkuu wako. Pipa la lita 200 ukilijaza zege lina uzito kama kilo 480. Weka katikati chanzo chenye bekereli bilioni 1.5, gawanya kwa gramu 480,000, unapata kama 3,100 kwa gramu. Aisee, imepita chini ya 4,000! Kwenye karatasi umeigeuza kuwa taka ya kiwango cha chini kwa simenti mifuko michache. Lakini punje ya amerisiamu iko palepale, haijatawanyika, na mtu atakayevunja lile zege miaka 200 ijayo hakutani na wastani, anakutana na punje. Ndio maana wasimamizi hawaruhusu mtu kupiga wastani anavyojisikia kwa vyanzo vilivyofungwa, yaani kitu chenye mionzi kilichozibwa ndani ya kidonge cha chuma, Wamarekani wana mwongozo mzima wa hilo jambo, waliurekebisha 2015. Isitoshe chanzo kilichozamishwa kwenye zege hakirudi kwa mtengenezaji, umejifungia mlango mwenyewe.

Kwahiyo kwenye fomu usiandike daraja, daraja atapanga anayeruhusiwa kupanga. Andika ukweli: chanzo kilichofungwa kisichotumika tena, namba ya utambulisho (serial number) ya kila chanzo, aina, bekereli ngapi na kwa tarehe gani. Funga mchi kwa kufuli, usifungue gaji, iache kwenye kasha lake. Iombewe kipimo cha kuvuja, wanapangusa kwa kitambaa na kupima kitambaa. Alafu kampuni yenu iwasiliane na mtengenezaji irudi kwao, mikataba mingi ya kununua ina hicho kipengele, watu hawasomi tu. Ikishindikana ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, kwa sheria namba 7 ya 2003 wao ndio wasimamizi na wana stoo kuu ya taka za mionzi Arusha. Usafirishaji nao una kibali, usimpe konda wa basi. Na kuiacha kwenye kontena mradi ukiisha, hapana fundi, kontena litauzwa.

Kaka za kazi. Sisi tunasafisha mabomba ya gesi. Ukipitisha pigi, kile kifaa kinachosukumwa ndani ya bomba kulisafisha, inatoka na vumbi jeusi na tope. Jamaa mmoja aliyefanya kazi nje anasema ni mionzi, wengine wanasema kutu tu. Nitajuaje, na iende wapi? (Fundi, Msimbati)

Njema. Wote wanaweza kuwa sahihi kwa pamoja, ndio utamu wa gesi.

Vumbi jeusi kwa sehemu kubwa ni chuma kilichokutana na salfa na unyevu, kweli ni ndugu wa kutu, na lenyewe likikauka linaweza kushika moto likikutana na hewa, hilo mnalijua. Mionzi inaingia kwa mlango mwingine. Miamba yote chini ina urani na thoriamu kidogo, tangu dunia iumbwe, na zikivunjika zinazaa radiamu na baadae radoni ambayo ni gesi. Kisima kikitoa gesi na maji, vinapanda wote. Radiamu inasafiri na maji na ikifika mahali presha au joto limeshuka inaganda pamoja na bariamu, inatengeneza magamba magumu ndani ya bomba na kwenye matangi ya kutenganishia maji. Radoni inasafiri na gesi yenyewe, nusu-maisha yake haifiki siku 4, ikivunjika inaacha watoto wake wamenasa kwenye kuta za bomba, wa mwisho wenye kudumu ni risasi-210, miaka 22, na poloniamu-210. Haya hayategemei kampuni wala uzembe, yanatokea kwenye visima vingi duniani, na visima vingine hayatokei kabisa. Nisikilize vizuri, sijasema yapo kwenye bomba lako. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, kila mwamba na tabia yake, kinachojibu ni kipimo sio mkoa.

Na kipimo kina mtego. Magamba ya radiamu yanatoa mionzi ya gama, ile inayopenya chuma, ukipita na kifaa nje ya bomba kinalia. Lakini vumbi la risasi-210 na poloniamu-210 mionzi yake haipenyi chuma, unapita nje na kifaa kimetulia kabisa, unaandika "safi", kumbe ndani imejaa. Lazima bomba lifunguliwe na kitumike kifaa cha kupima alfa na beta, ile mionzi isiyopenya, kwa karibu juu ya sehemu kavu, na sampuli iende maabara ipimwe bekereli kwa gramu. Ukiona mtu amepima nje tu na akasaini, muulize alitumia kifaa gani. Kwa upole, lakini muulize.

Matokeo yakija, kwa vitu vya ukoo wa urani na thoriamu vya asili namba inayotumika kimataifa ni bekereli 1 kwa gramu. Chini ya hapo kwa mionzi unaishughulikia kama taka nyingine ya viwandani. Juu ya hapo haina maana umekufa, maana yake sasa msimamizi lazima aingie mezani, aangalie ni kiasi gani, tani ngapi, itafukiwaje. Tope la gesi ni zigo gumu kwasababu mara nyingi lina pia benzini na wakati mwingine zebaki, ukilipeleka dampo la mionzi wanakataa kwa kemikali, ukilipeleka dampo la kemikali wanakataa kwa mionzi. Kwahiyo usichanganye tangu mwanzo, vumbi la chujio kivyake, magamba kivyake, tope kivyake, kila pipa na tarehe na limetoka wapi. Na kuchanganya tope chafu na mchanga wa pwani ili namba ishuke chini ya 1 hairuhusiwi, naona watu wanawaza hilo.

Kwa mwili wako hatari ni kuvuta na kumeza, sio kusimama karibu. Lowesha kabla ya kukwangua, vaa barakoa ya vumbi ya maana sio kitambaa, usipige grainda ndani ya bomba kavu, usile ukiwa saiti, ovaroli isiende nyumbani kufuliwa na mkeo pamoja na nguo za watoto. Mabomba ya zamani yasiuzwe skrepa kabla hayajapimwa ndani.

Mzee wangu, sisi wavuvi wa Kilwa Kivinje tulikuwa tunavua dagaa usiku kwa karabai. Nasikia kile kifuko cheupe kinachowaka ndani kina mionzi. Ninavyo vingi vya zamani. (Mvuvi)

Ni kweli, vingi vya zamani vilitiwa thoriamu ili vitoe mwanga mweupe mkali, siku hizi watengenezaji wengi wamehamia kwenye madini yasiyo na mionzi, na nyie wenyewe naona mmehamia taa za betri. Thoriamu nusu-maisha yake ni miaka bilioni 14, inatisha kusikia lakini kitu kinachoishi muda mrefu hivo kinavunjika polepole mno, na kwenye kifuko kimoja ni kidogo sana. Cha kuepuka ni lile jivu jepesi linalopeperuka kifuko kikivunjika, usilipulize usoni. Vyako vya nyumbani funga kwenye mfuko wa nailoni tupa na taka nyingine. Ingekuwa ghala lenye makatoni ningekujibu tofauti.

Hapohapo nimjibu mama mwenye gesti ya Mikindani anayebadilisha vigundua moshi vyote vya vyumbani. Mama, vile vya zamani vingi vina amerisiamu-241 ileile ya kwenye gaji, lakini ni kama bekereli 37,000 tu, mara kama elfu arobaini chini ya ile ya fundi. Kimoja cha nyumbani Marekani wanaruhusu kitupwe na takataka za kawaida. Wewe una rundo, na rundo halihesabiwi kama kimoja, kwahiyo usivifungue, usivichome, viweke kwenye boksi moja uulize aliyekuuzia vipya kama anachukua vya zamani, akikataa uliza TAEC.

Bro vipi. Nanunua vyuma chakavu hapa Lindi. Kuna dogo kaniletea kitu cha mviringo, saizi ya mkoba, kizito balaa kuliko chuma, kina mpini na alama ya njano imefutika. Anataka hela nzuri. Ni dili? (Muuza skrepa)

Bro weka simu mfukoni usikipige hata picha ya karibu, toka hapo.

Huo uzito ndio unaonitisha. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ni kama gramu 8, risasi 11, urani 19. Kasha la chanzo cha kupigia picha maungio ya mabomba linatengenezwa kwa urani iliyopunguzwa nguvu au risasi, lina mpini, lina alama. Ndani mara nyingi ni iridiamu-192, nusu-maisha siku 74. Inawezekana ni ganda tupu. Inawezekana pia siyo, na wewe kwa macho huwezi kujua, mimi kwa barua ndio kabisa.

Goiânia, Brazil, Septemba 1987. Jamaa wawili waliingia kwenye jengo la kliniki iliyohamishwa wakabeba kipande cha mashine ya saratani wakauze skrepa. Kikavunjwa. Ndani kulikuwa na gramu kama 93 za unga wa seziamu, usiku unang'aa bluu, watu wakagawiana, wengine wakajipaka. Wakafa wanne, mmoja mtoto wa miaka sita, watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, zaidi ya watu laki moja wakapangwa uwanjani kupimwa. Na taka zilizotokana na kusafisha mji, nyumba zilizobomolewa, udongo, magodoro, zilikuwa mita za ujazo kama 3,500. Ukiniuliza kwa nini nang'ang'ania chanzo kisitoke kwenye kasha lake, ndio hiyo hesabu. Miaka michache kabla, Juárez, Mexico, kobalti-60 iliyeyushwa pamoja na skrepa ikawa nondo za kujengea, na iligundulika Januari 1984 kwa bahati, lori la nondo lilikatisha karibu na kifaa cha kupimia kwenye maabara ya Los Alamos kikapiga kelele.

Sasa ufanye hivi. Kisisogezwe tena, kisipandishwe bodaboda kurudi kilikotoka. Watu wote wakae angalau mita 30, kamba au matofali ya kuonyesha mpaka. Piga polisi, mwambie mtendaji wa kata, sema neno mionzi wazi ili TAEC waitwe. Dogo asifukuzwe wala kupigwa, anahitajika aseme alikitoa wapi na alikaa nacho muda gani, amekibeba wapi, mapajani au kichwani, akionyesha kuungua au kutapika aende hospitali na aseme huko pia. Nyie mliokishika naweni mikono, msile wala kuvuta sigara kwanza. Na ukiona alama nyekundu ya pembetatu yenye fuvu na mtu anayekimbia, hiyo ilitolewa 2007 kwa ajili yenu hasa, watu wasiojua ile ya njano, inakaa ndani karibu na chanzo chenyewe, yaani ukiifikia umeshafungua mbali sana.

Hela usimpe. Ukimpa kesho ataleta kingine.

Jirani yangu Tandahimba anasema korosho zina mionzi ndio maana vyakula vinapimwa kabla ya kusafirishwa. Je magunia mabovu tuliyobakiza ni taka za mionzi? (Mkulima)

Jirani ana nusu ya ukweli. Korosho zina potasiamu, na kila potasiamu duniani ina kiasi kidogo cha potasiamu-40, kwahiyo kilo moja ya korosho ina bekereli kama 200, ndizi nazo zinayo, na wewe mwenyewe unayo mwilini. Kwa gramu hiyo ni 0.2, wakati namba ya kuanza kuulizana kwa potasiamu-40 ni 10. TAEC wakipima chakula hawatafuti hiyo, wanatafuta vitu kama seziamu ambavyo havitakiwi kuwepo. Magunia yako mabovu yametiwa ukungu, sio mionzi, usiwape kuku, tengeneza mboji.